Damu ya Ngedere na Daftari la Zahanati

Mama mkubwa ana shamba la migomba kwenye mteremko, kaskazini ya mji wa Kigoma, pale msitu wa kijiji unapoishia na kahawa inapoanzia. Desemba nilipita kumsalimia nikamkuta ameinama chini ya mgomba, anang'oa majani makavu. Jani moja lilipoachia, maji ya mvua yaliyokuwa yamejikusanya kwenye kikonyo yakanimwagikia kiganjani. Maji ya rangi ya chai ya rangi, hayajazi hata kikombe cha kahawa. Ndani yake viluwiluwi wa mbu saba au wanane walikuwa wanajinyonganyonga.

"Hao wapo kila mgomba, mwanangu," akasema bila kuacha kazi. "Kwenye magimbi ndiyo usiseme."

Ngedere nao walikuwepo. Wamekaa kwenye mti wa mpakani, wametulia kama watu wanaosubiri basi, wanatungoja tuondoke kwa sababu mkungu mmoja ulikuwa umeanza kuiva.

Ndani alikuwa amelala mjukuu, homa siku ya tatu. Zahanati walimpima malaria, hamna. Wakampa panadol na amoksilini, wakamwambia bibi yake ni virusi tu, itaisha. Kweli, iliisha. Ila hilo neno "tu" limenikaa kichwani tangu siku ile.

Virusi gani? Mganga hakuuliza, na simlaumu, maana hata angeuliza hana wa kumjibu. Zahanati nyingi za vijijini zina kipimo kimoja cha haraka cha homa, cha malaria, na kikionyesha hamna, safari ya uchunguzi imefika mwisho. Tatizo hili halikuanza jana. Moshi, kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa hospitalini kwa homa. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa asilimia 60.7. Maabara ilipochunguza, malaria ilikuwa imesababisha homa kwa asilimia 1.6. Wengine walikuwa na mengine, wakiwamo wenye chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Moshi si Kigoma, huku kwetu malaria ni nyingi zaidi, na hapo ndipo ugumu unapozidi: kadiri malaria inavyokuwa nyingi, ndivyo kila homa nyingine inavyopata pa kujificha.

Hiyo chikungunya yenyewe ni ya nyumbani. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala, katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953, na jina lake limetoka kwenye Kimakonde, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Leo dunia nzima inatamka neno la Kimakonde, lakini sisi kwenye zahanati zetu hatuna kipimo chake.

Nirudi kwenye migomba. Miaka ya 1930 na 1940, watafiti wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe walikwenda Bwamba, magharibi ya Uganda, wakitaka kujua ugonjwa huo wa virusi vya mbu unatokaje msituni hadi kwa watu. Walichokikuta ni ngazi ya hatua mbili. Juu kabisa kwenye vilele vya miti kuna mbu aitwaye Aedes africanus, anayewauma kima jua linapozama. Virusi vinazunguka huko juu, kima kwa mbu, mbu kwa kima, na binadamu hana habari. Kisha kima anashuka kuiba ndizi. Shambani anaumwa na mbu mwingine, wa jamii iliyoitwa Aedes simpsoni, anayetaga kwenye maji ya vikonyo vya migomba na magimbi. Huyo wa pili ndiye anayemuuma mkulima. Mkungu mmoja wa ndizi, basi, ndio ulikuwa daraja kati ya msitu na nyumba.

Sisemi homa ya manjano iko shambani kwa mama mkubwa. Ninachosema ni kwamba ngazi imeshasimamishwa, vidato vyote vipo, na hakuna anayeangalia kama kuna kitu kinapanda au kushuka. Bandarini Kigoma, abiria anayeshuka kutoka Kongo au Burundi anaulizwa kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, na ni sawa kabisa. Ngedere anayevuka mpaka wa Burundi kupitia matawini haulizwi na mtu.

Watu wakisikia habari ya kufuatilia wanyamapori ili kuwahi magonjwa ya mbu, wanafikiria Brazil, na Brazil kweli wana cha kutufundisha. Oktoba 2017, tumbili mmoja wa jamii ya wapiga kelele alikutwa amekufa katika bustani ya Horto Florestal, jijini São Paulo. Alipopimwa akakutwa na homa ya manjano. Mamlaka zikafunga bustani, zikaanza kuchanja wakazi wa eneo lile. Mzoga mmoja ukawahamisha maelfu ya watu kwenda kwenye foleni ya chanjo. Hivyo ndivyo mfumo unavyotakiwa kufanya kazi, ingawa hata huko kulikuwa na aibu yake: wananchi wengine waliingiwa hofu wakawa wanawaua tumbili, kana kwamba ndio walioleta ugonjwa. Ni kama kumpiga mlinzi kwa sababu amepuliza filimbi.

Ila somo la Brazil lina mtego kwetu. Kule Amerika virusi vya homa ya manjano ni wageni. Vilifika na meli za watumwa kutoka Afrika, vikakuta tumbili wasiovijua, na mpaka leo tumbili wale wanakufa kwa wingi. Kima na ngedere wa Afrika wameishi navyo miaka na miaka. Kwa kawaida wanaambukizwa, virusi vinakaa kwenye damu siku chache, wanapona, wanaendelea na maisha. Huku ukikaa ukisubiri mizoga msituni ndipo upige kengele, utasubiri mpaka kengele yenyewe ipigwe na wagonjwa wa binadamu. Kila nikisoma mpango wa ufuatiliaji unaotegemea "vifo visivyo vya kawaida vya wanyama" peke yake, huwa najiuliza kama mwandishi wake aliwahi kufikiria mnyama asiyekufa.

Kwa hiyo hapa kwetu lazima damu. Na kwenye damu, cha kutafuta zaidi ni kingamwili, zile askari ambazo mwili unaziacha baada ya vita. Virusi vyenyewe vinapita kwa siku chache, ukimkamata ngedere wiki mbili baadaye huvikuti. Kingamwili zinabaki miaka. Lakini hapo pia pana ugumu, na nauona ndio moyo wa jambo hili. Ngedere mzee mwenye kingamwili anakuambia nini? Anakuambia kwamba siku moja, mwaka huu au miaka kumi iliyopita, aliumwa na mbu mwenye virusi. Hiyo ni historia, haikusaidii kuamua lolote Jumatatu ijayo. Mtafute mdogo. Ngedere aliyezaliwa mwaka jana, aliyeshamaliza kinga ya maziwa ya mama, akikutwa na kingamwili, maana yake virusi vimepita hapa ndani ya uhai wake mfupi. Pengine masika yaliyopita. Umri wa mnyama ndio tarehe ya taarifa. Ukichukua damu bila kukadiria umri kwa meno na uzito, umeandika barua bila tarehe.

Kuna la pili. Homa ya manjano, dengue, Zika na virusi vya West Nile ni ukoo mmoja, na kipimo cha kawaida cha kingamwili huwa kinawachanganya ndugu hao. Jibu la kwanza likitoka, linakuambia tu kwamba mtu wa ukoo ule amepita. Kujua ni nani hasa unahitaji kipimo kigumu zaidi, cha kuviweka virusi hai pamoja na damu kwenye maabara yenye usalama wa juu na kuona damu ipi inavizuia. Hapo ndipo sampuli ya Kigoma inapopanda ndege.

Lakini nani achukuliwe damu? Si sokwe wa Gombe. Wamebaki wachache, hawafiki hata mia kwa makisio mengi, na kumpiga sokwe sindano ya usingizi akiwa juu ya mti ni kucheza na maisha yake. Wanaofaa ni wale wale wezi wa ndizi, ngedere na nyani wanaolala msituni na kula shambani, kwa sababu wao ndio wanaokanyaga vidato vyote vya ngazi. Na si lazima kila kitu kiwe mnyamapori. Florida, Marekani, tangu mwaka 1978 wanaweka mabanda ya kuku mahali penye mbu na kuwatoa damu mara kwa mara. Kuku akiumwa na mbu mwenye virusi vya West Nile haugui, ila damu yake inasema. Kuku wetu wa kienyeji anayelala jikoni angeweza kazi hiyo bila hata semina. Kwa Homa ya Bonde la Ufa, ambayo nayo huenezwa na mbu, mashahidi ni mbuzi na ng'ombe, na hilo linatuhusu kwa karibu: mwaka 2022 ugonjwa huo uliua ng'ombe Burundi na Rwanda, na hakuna anayeishi Kasulu au Buhigwe atakayekuambia kwamba mifugo huwa inasimama mpakani kusubiri kibali.

Jambo linaloniumiza ni kwamba Kigoma ni mahali ambapo wanyamapori wameangaliwa kuliko karibu mahali popote duniani. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka kwenye ufuko wa Gombe Julai 1960. Mahale, kule kusini, Toshisada Nishida na Wajapani wenzake walianza mwaka 1965. Tangu wakati huo vijana wa vijiji vya ziwani wamekuwa wakiamka alfajiri, kufuata sokwe mmoja mmoja kwa jina, kuandika alichokula, aliyegombana naye, anayekohoa, anayeharisha. Kinyesi kinaokotwa, kinahifadhiwa, kinapimwa. Ni kwa njia hiyo, bila kumgusa mnyama, watafiti walionyesha mwaka 2009 kwamba sokwe wa Gombe wenye virusi vya SIV, ndugu wa virusi vya UKIMWI, wanaugua na kufa mapema. Na mwaka 1966 polio ilipoingia Gombe baada ya kuwapata watu wa maeneo ya jirani, sokwe waliopooza walionwa na kuandikwa, na chanjo ikawekwa kwenye ndizi ili walio wazima wale. Ndizi tena. Kwenye mambo ya Kigoma ndizi haikosi.

Basi macho tunayo, ya zaidi ya miaka 60. Njia ya kutoka kwenye jicho hadi kwenye zahanati ndiyo hatuna. Mfuatiliaji wa sokwe anaandika, daftari linakwenda kwenye kituo cha utafiti, kutoka hapo takwimu zinakwenda chuo kikuu cha ng'ambo, na miaka mitatu baadaye inatoka makala kwa Kiingereza. Mganga wa zahanati iliyo saa moja kwa boti kutoka hapo hajui kama wiki ile wanyama walikuwa wanaumwa. Na yeye naye hamwambii mfuatiliaji kwamba wiki ile watoto sita wamekuja na homa isiyo malaria.

Kama kuna anayedhani njia itajitengeneza yenyewe mradi ugunduzi upo, amtazame Zika. Aprili 1947, watafiti wa Entebbe walikuwa wameweka kima wa jamii ya rhesus kwenye vizimba juu ya miti ya msitu wa Zika, wakiwinda homa ya manjano. Kima namba 766 akapata homa. Damu yake ikatoa virusi ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Januari 1948 wakavikuta kwa mbu wa msitu ule ule. Hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa ufuatiliaji wa wanyama, na mimi naisoma vingine. Kima alitoa taarifa mwaka 1947. Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura Februari 2016, Brazil ikiwa imejaa watoto waliozaliwa na vichwa vidogo. Katikati hapo kuna karibu miaka 70 ambayo virusi vilikuwa na jina, vina namba, vina chupa kwenye friji, na havina mtu aliyepewa kazi ya kuuliza: je, vikifika mjini itakuwaje?

New York nao, pamoja na pesa zao, walijikwaa hapo hapo. Mwaka 1999 kunguru walikuwa wanadondoka mitaani, na wazee walikuwa wanalazwa Queens na homa ya ubongo. Madaktari wa binadamu wakautaja ugonjwa kwa jina lisilo lake. Tracey McNamara, mtaalamu wa mizoga katika bustani ya wanyama ya Bronx, alikuwa anakataa: ugonjwa mnaoutaja hauui ndege, na ndege wangu wanakufa. Ilichukua wiki kadhaa kabla watu wa wanyama na watu wa binadamu kukubaliana kwamba wanatazama kitu kimoja, virusi vya West Nile, vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1937. Watu 7 walikufa mwaka ule. Maabara zilikuwepo, ndege za kubeba sampuli zilikuwepo, simu zilikuwepo.

Kwetu kuna kikwazo ambacho New York hawakuwa nacho, na sijakiona kwenye ripoti yoyote niliyosoma. Nilimuuliza mama mkubwa kama amewahi kukuta ngedere amekufa shambani bila kupigwa.

"Mmoja, mwaka juzi. Nilimfukia pale chini ya mgomba."

"Hukumwambia mtu?"

Akaniangalia kama mtoto anayeuliza kwa nini maji yana unyevu. "Nikamwambie nani? Askari wa wanyamapori? Waje waniulize nimemuua na nini?"

Ana hoja. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma na kukutwa na nyara bila kibali ni kosa. Sheria hiyo ina sababu zake, ujangili si mchezo. Lakini kwa mkulima wa mpakani mwa msitu, mzoga wa ngedere ni kesi kabla haujawa taarifa. Unaweza kumpa simu janja yenye programu ya kuripoti, unaweza kumpa fulana na kofia ya mradi, ataendelea kufukia usiku. Kabla ya mashine yoyote, mkoa ungetoa tamko dogo tu, lisomwe na kila mwenyekiti wa kitongoji: anayeripoti mzoga bila kuugusa haulizwi lolote. Gharama yake ni karatasi na wino. Na kutoguswa ni kwa faida yake mwenyewe, maana mzoga wa mnyama unaweza kuwa na mengi kuliko virusi vya mbu, na Kagera wameshauguza Marburg mwaka 2023 na tena 2025, kwa hiyo huu mkoa jirani hauhitaji kukumbushwa.

Kuhusu pesa sitakaa sana. Mradi wa PREDICT, uliofadhiliwa na Marekani kupitia USAID, ulianza mwaka 2009, ukafanya kazi katika nchi nyingi Tanzania ikiwamo, ukagundua virusi vipya kwa mamia, ukafungwa mwaka 2020. Mwaka 2025 USAID yenyewe ikabomolewa. Waliofundishwa kukamata popo na kuchukua damu wapo, wengine sasa wanauza vifaa vya simu. Ninachoona ni kwamba kuhesabu virusi vipya kulikuwa kazi ya wafadhili wanaopenda ramani kubwa. Kazi ya Kigoma ni ndogo kuliko hiyo: virusi vitano au sita vinavyojulikana, kundi la ngedere wa vijiji kadhaa, mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua, miaka kumi bila kukosa. Mfululizo usiokatika una thamani kuliko msafara mkubwa wa mara moja. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wanajua kumlaza mnyama salama. Chuo Kikuu cha Sokoine na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanajua kupima. Wakala wa Maabara ya Veterinari wana kituo Tabora, ambako sampuli inaweza kufika kwa barafu bila kwenda kwanza Dar es Salaam. Tangu mwaka 2018 lipo Dawati la Afya Moja, Ofisi ya Waziri Mkuu, lililoundwa hasa ili hawa wakae meza moja. Meza ipo Dodoma. Mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, hauna hata stuli.

Siku niliyoondoka kijijini nilipitia zahanati kumshukuru mganga kwa kumhudumia mtoto. Kijana mpole, mzaliwa wa Kibondo, alikuwa peke yake na foleni ilikuwa imeisha. Nikamuuliza wangapi kama yule mtoto amewaona tangu mvua ianze. Hakujibu kwa mdomo, akavuta daftari la MTUHA, lile la takwimu za wagonjwa, akalifungua mbele yangu. Mstari baada ya mstari, kwa mwandiko wa haraka, MRDT ikiwa ndicho kile kipimo cha haraka cha malaria: homa, MRDT hasi. Homa, MRDT hasi. Homa na upele, MRDT hasi. Homa, maumivu ya viungo, MRDT hasi. Akageuza ukurasa, ikaendelea.

"Mwisho wa mwezi hizi zinakwenda wapi?" nikauliza.

"Wilayani."

"Kama nini?"

Akashusha kidole hadi chini ya ukurasa, kwenye safu ya mwisho, ile ya magonjwa mengine.